Kwa Yarba wa Bado Kidogo

Mwaka umetimia, Yarba, tangu ulipoiweka bisibisi juu ya meza ya barazani, ukasema unajinyoosha mara moja, na hukuamka tena. Gitaa lako la umeme lilibaki palepale, tumbo wazi, nyuzi zimelegezwa. Mkeo Tekber alilifunika kitambaa kwa ajili ya vumbi, akakataza mtu kuligusa.

Ulikuwa fundi wa magitaa ya Nuakshoti nzima, na neno hapana hukulijua. Wapigaji wa harusini walikuletea magitaa yao, ukawachomekea vijiti vya chuma shingoni, katikati ya vile vya kiwandani, ili chombo cha ugenini kijue kuimba sauti za kwetu. Kati ya bilauri tatu za chai yetu ulikuwa ukinywa ya tatu tu, kwa kuwa mbili za mwanzo zilikukuta umeinama, pua iko kwenye moshi wa kulehemia.

Lakini lile la kwako, ee Mola, kila siku lilikuwa bado kidogo. Mara unang'oa hiki, mara unachomeka kile. Mara mojamoja ulilipiga, na wallahi ulipolipiga tuliacha mazungumzo. Kisha palepale wimbo ulipokolea, ukasimama, ukatega sikio. "Mmeusikia huo mvumo?" Sisi tulikuwa tumesikia wimbo. Wewe ulikuwa umesikia mvumo, na bisibisi tayari iko mkononi.

Binamu yako Mohamdi hakuwa hivyo. Yeye hupiga gitaa lolote, hata lililokatika nyuzi mbili, na bisibisi alikuwa hajui inashikwa upande gani. Kila akipita alisimama mlangoni: "Shemeji Tekber, nimekuja kumjulia hali mgonjwa. Bado amelazwa?" Kisha akugeukie wewe: "Gitaa ni la kupigwa, binamu, si la kupasuliwa." Nawe ukamjibu bila kuinua kichwa: "Nenda kapige kelele zako. Langu likitoka hapa, la kwako utalificha uvunguni."

Binti yako Meimouna ulimwahidi kwamba utampigia gitaa hilo siku ya harusi yake. Akangoja. Mchumba wake Bouna akangoja pia, maskini ya Mungu. Ulipotutoka, Meimouna alisema haingii hemani kama bibi harusi mpaka gitaa la baba yake lilie. Tulimsihi, wapi. Ukaidi huo sote tunajua kaurithi kwa nani. Bouna alifikia kusema, "Mimi namngoja fundi aliyekwishafariki. Hata serikali haijanizungusha hivi." Alicheka, lakini tuliona anachoka, na mama yake alikwisha kuanza kumtajia binti wa jirani.

Tekber alitoka eda na bado hakuthubutu kukiondoa kile kitambaa. Mwezi uliopita akakiondoa kwa mkono wake, akamwita Mohamdi. "Shemeji, siku zote ulikuwa ukimjulia hali mgonjwa. Leo mtoe hospitali."

Mohamdi alilipakata, akachungulia ndani. Ndani mlikuwa mtupu.

"Ami, vitu viko wapi?" Meimouna akauliza.

"Sumaku ya kunasia sauti iko kwenye gitaa langu," alisema. "Yangu iliungua asubuhi ya ile harusi ya kule mjini Rosso. Yarba aliniambia anayo ya akiba."

"Akiba gani? Baba hakuwa na akiba."

"Ndiyo hivyo, mwanangu. Alikuwa anaitoa humu."

Akapiga simu huku na huku. Swichi ilikuwa kwa Sidaty, mpigaji mwenzake. Kile kidude cha kupandishia na kushushia sauti kilikuwa kwa vijana wa mtaa wa Sebkha. Hata tundu la kuchomekea waya lilikwenda harusini na halikurudi. Kumbe kila ulipokaribia kumaliza, mtu alibisha hodi, ana harusi jioni na gitaa limekufa, ukang'oa chako ukampa, kesho yake ukaanza upya. Nasi tulikuwa tunakucheka. Mohamdi na mdomo wake wote ule alilia, Yarba, akajifuta kwa kilemba.

Wote walikuja kurudisha. Tekber akakataa. "Alichotoa kwa mkono wake mimi sikipokei. Na mkirudisha, harusi za watu mtapiga nini? Kila mtu alete kikorokoro alichonacho." Wakaleta. Mohamdi akakaa kwenye kiti chako wiki nzima, akaunguza vidole, akazitukana waya moja baada ya nyingine, na chai ikimpoa pembeni.

Alhamisi iliyopita lililia. Ulianza kutoka mvumo, mnene kama wa friji mbovu, kisha wimbo ukaja juu yake. Meimouna akaingia hemani na hina yake, analia na kucheka, vigelegele vikapaa, ngoma ya wanawake ikaitikia. Kando ya Mohamdi waliketi Sidaty na wenzake, na katika kila gitaa mlikuwa na kitu chako. Ulikuwa umeenea hema zima.

Palepale wimbo ulipokolea, Mohamdi akasimama. Akatega sikio.

"Mmeusikia huo mvumo?" akasema. "Kesho nitalifungua kidogo tu, nione..."

Tekber alinyoosha mkono kutoka walikoketi wanawake. "Lete bisibisi, shemeji."

Ilikuwa mfukoni mwake kweli. Akaitoa, akampa, akapiga mpaka tulipochoka kucheza.

Unakumbukwa na mkeo Tekber, aliyeificha bisibisi yako. Binti yako Meimouna na mkweo Bouna, aliyemaliza kungoja. Dada yako Oummou. Binamu yako Mohamdi, anayeitafuta bisibisi hiyo hadi leo. Na wapigaji wote uliowapa kilicho chako ukisema ni cha akiba. Mwenyezi Mungu akurehemu. Maisha yetu yote hututoki moyoni.