Namba Mlangoni Kwako, Buguruni

Shangazi,

Nakuandikia nikiwa barazani kwako. Nyumba umeniachia mimi, na Jumanne asubuhi karani wa ofisi ya mtaa anakuja na rangi kuandika tena namba mlangoni. Inabidi nimjibu. Sijui nimjibu nini.

Mara nne waliiandika, mara nne ukaisugua kwa kumbi la nazi na mchanga. Mzee Salum, jirani yako, alikuwa akikutania, "Bi Mwanaidi, ofisi itaishiwa rangi kabla wewe hujaishiwa mchanga." Nawe, "Na waishiwe. Kule bondeni walituandika hivihivi, kisha wakaja na nyundo." Ni kweli. Habari ile niliiandika mwenyewe gazetini. Viwanja mlivyoahidiwa hakuna aliyevipata.

Lakini karani huyu ni mpya. Akisikiliza shida yako anaiandika, kisha anakusomea alichoandika kabla hujaondoka. Akisema Jumanne, anakuja Jumanne. Nimemfuatilia wiki sita nikitafuta kosa. Kisima alichoahidi kimechimbwa. Juzi nilimkuta Mzee Salum kwenye foleni yake. "Nasindikiza mtu tu," aliniambia. Alikuwa peke yake.

Kuna jambo hukulijua. Siku kifua kilipokubana ukanipigia, nilipiga simu hospitali nikiwa kazini gazetini. Waliponiuliza nyumba, niliwatajia namba ya kwenye daftari la ofisi. Mazoea ya kazi. Nilijua umeifuta, Shangazi, na bado niliitaja. Gari la wagonjwa lilikuja. Dereva alitafuta namba mlangoni hadi mlangoni, hakuiona. Akawauliza majirani. Wao wakadhani ni mtu wa ofisi, wakakulinda kama siku zote: "Namba hiyo haipo mtaa huu." Akarudi zake. Wewe ulikuwa ndani.

Nimezungumza na dereva, nimezungumza na majirani. Hakuna aliyedanganya kwa ubaya. Kazi yangu ni kusema nani alifanya nini, na hapa nashindwa. Kosa ni lako? Langu? La wale waliokufundisha kuogopa namba?

Jumanne nitamwacha aandike. Sisemi nimemwamini. Nitamtaka aseme mbele ya majirani kwamba namba hii si ya kubomolea, niandike maneno yake, nimsomee. Akilivunja neno hilo, litatoka gazetini na jina lake. Nami nitakuwa nimekaa hapa mlangoni; wakija na nyundo, watanikuta.

Kama nakosea, nisamehe. Pumzika, Shangazi.

Mwanao