Koti la Baba Neema kwenye Robot

Baba Neema, mbishi wangu,

Leo nitasema mpaka mwisho, maana huna namna ya kunikatiza. Miaka yote hapa Yeoville ulikuwa unanikata maneno kama unavyokata kitambaa. Sasa tulia, usikilize.

Duka lako lipo. Upande wa dirishani Mama Neema amempangisha msusi wa kutoka Goma, dada mwenye sauti kubwa kuliko mashine yake ya kukaushia nywele. Cherehani yako imefunikwa shuka, na huyo dada anaweka kikombe chake cha chai juu yake. Nilitaka kumgombeza. Akanipa ile chai nionje, nikanyamaza. Kiti changu kiko pale pale mlangoni. Chako naweka miguu. Usinune, ni baridi yabisi.

Mchezo wetu naucheza peke yangu, na hauna utamu. Robot, taa yetu ya magari hapo mbele ya duka, ikiwa nyekundu, yule kipofu mrefu na mke wake wanapita kati ya magari, kikombe mbele, na mimi nakisia kila mtu anatoa kwa nini. Yule aliyempakia msichana anatoa huku anamtazama msichana. Yule wa gari jipya anatoa mbio mbio, kama anayeomba lisikwaruzwe. Mama aliyekuwa analia kwenye simu anamwaga pochi nzima. Na yule dreva wa teksi anayetukana dunia yote bado anatoa sarafu kila asubuhi, na tusi juu yake. Huyo alitushinda wote wawili.

Nilikuwa nakuambia hakuna anayempa kipofu, kila mtu anajipa mwenyewe. Na wewe, pini mdomoni: "Sawa, mzee mchawi. Lakini kikombe kimejaa ao hakikujaa?" Nalichukia lile jibu. Mpaka leo sijapata la kulirudishia.

Sasa habari ya koti.

Baada ya matanga Mama Neema aligawa nguo zako. Lile koti refu jeusi la sufu, ulilojishonea mwenyewe na bitana ya zambarau kama askofu, akanipa mimi. Nikalijaribu. Eish! Urefu wangu unaujua. Mikono ilimeza vidole, pindo likafagia sakafu, na msusi alicheka mpaka akamwacha mteja na kichwa nusu. Kulipunguza sikutaka. Mkono wako ndio ulioshona pale, mkasi wa mtu mwingine unaingiaje? Mama Neema akasema, "Basi shemeji, tafuta mtu mwenye baridi, umpe."

Nikalitundika kwangu nyuma ya mlango, nikaanza kutafuta. Jirani wa juu anakunywa, ataliuza. Mlinzi wa ghorofa ana koti la kazi. Fundi viatu wa pale kwenye spaza, kile kiduka cha mtaani, hasalimii vizuri. Baridi ya hapa ikashika, ile ya asubuhi inayouma masikio, na mimi bado natafuta. Nikiingia ndani bega lako linanitazama. Ulilikata koti kufuata mwili wako, bega la kushoto limeshuka kidogo kwa kuinamia cherehani, na hata likiwa tupu ni wewe kabisa. Nilikuwa nalisalimia. Usicheke.

Siku moja Mama Neema akaja, akaliona, akashika kiuno. "Shemeji, unatafuta mtu wa baridi, ao unatafuta mkwe?"

Aibu ilinitoa mbio. Jumapili nikalibeba mpaka kwenye robot. Kipofu alikuwepo, barabara tupu, anatetemeka mpaka sarafu zinalia kikombeni. Ningempa pale pale. Lakini nikainama, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Nafunga, nafungua. Unajua nasubiri nini? Nasubiri kanisa litoke! Nilitaka wale mama wa kwaya wanione. Ndipo nikakusikia kabisa, na pini zako mdomoni: "Na huyu mzee wa kiatu, yeye anatoa kwa nini?" Nikavuka barabara kabla hawajamaliza kuimba.

Alilivaa. Lilimkaa kama ulimpima. Akapapasa kola, akapapasa mifuko, akaniuliza kwa Kizulu chake cha huko kwao: "Baba, mwenyewe hatasikia baridi?"

Nikasema hapana, hasikii tena. Akavua kofia. Akasimama hivyo, kichwa wazi kwenye baridi ile, mpaka taa ikabadilika na gari likapiga honi na mke wake akamvuta.

Tangu siku ile kazi yangu ikawa kukaa mlangoni nikuone. Ukimtazama kwa nyuma, ndugu yangu, ni wewe, na bega lako lile. Unapita kati ya magari unaomba, wewe uliyeona haya kuomba hata chumvi kwa jirani! Nilicheka mpaka machozi, halafu yakabaki machozi tu. Hapo nikajijua. Kati ya watu wote wenye baridi nilimchagua yule nitakayemwona kila siku. Nililitoa koti huku nimeshika pindo.

Halafu juma hili hawakuja. Nikamwuliza yule dreva wa matusi. Akasema wamehamia Braamfontein, wanafunzi wa kule wana mkono mwepesi wa kutoa. Kisha akanitukana, tukaagana. Nikaenda kando ya barabara nikainua kidole kuita teksi ya kule. Ikasimama. Sikupanda. Ningefika nimwambie nini yule mtu? Geuka, nikuone mgongo?

Nikarudi dukani nikamwambia Mama Neema, "Baba Neema ametutoka tena." Hakuuliza ninasema nini. Akanimiminia chai, akasema, "Sasa ndiyo umetoa, shemeji." Akaenda kukaa kwenye kiti chake mwenyewe, kule ndani. Ndipo nikaona kile kiti, ambacho siku zote kilitazama cherehani, amekigeuza kinatazama dirisha. Kinatazama robot. Tangu lini, sikuuliza.

Tulikaa pale wote wawili tunaangalia magari ya watu.

Basi, Baba Neema, pumzika. Braamfontein sitakwenda, hilo nakuahidi, hata baridi ikinisukuma. Na miguu nimeondoa kwenye kiti chako. Kuanzia kesho nakitoa nje apate kukaa Mama Neema, nimfundishe mchezo. Mtu akinyoosha mkono mbele yetu, nitampa kwanza, halafu ndiyo tukisie mimi nilitoa kwa nini. Na kama kikombe kimejaa, najua utauliza wewe.

Ni mimi, mfupi wako wa mlangoni.