Nilibadilisha Vidonge vya Kibonge

Mshauri wetu, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi ipokee tu hivyo hivyo, maana leo sina uso wa kubagua. Nakuandikia nimejifungia chumbani mchana kweupe, wateja nimewaambia kichwa kinaniuma, na hilo angalau ni kweli. Mimi ni msusi, nasukia hapa hapa uani kwetu, na nina jambo limenikaa kooni siku kumi na sita.

Naishi ua mmoja na mke wa mdogo wake mume wangu. Tunamwita Bi Mdogo, si kwamba tumeolewa na mume mmoja, Mungu apishe mbali, ni kwa sababu alikuja ua huu miaka mitatu baada yangu. Yeye ni fundi cherehani, na ndiye anayenisomea safu yako kila Jumamosi, kwa kuwa mimi nikisuka mikono haishiki gazeti, basi yeye husoma kwa sauti, tena kwa mbwembwe, akifika kwenye barua za wanaume anakoroma kama mzee, wateja wanacheka mpaka vichwa vinaniponyoka. Najua umeshaanza kumpenda. Kila mtu humpenda, na hapo ndipo ninapoumwa.

Binti yangu wa miaka saba na mwanawe wa miaka minne wote wana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, mtoto anaamka mzima na kufika mchana analia mifupa. Mwaka jana hospitali yetu ikaanza utafiti wa dawa mpya, na tulielezwa vizuri, siwezi kuwasingizia: watoto wengine watapata dawa yenyewe, wengine watapata vidonge vya kufanana nayo ambavyo ndani havina kitu, mashine ndiyo inapiga kura, na hata daktari hajui nani kapata nini mpaka mwisho. Tukatia saini siku moja, benchi moja, kalamu moja. Nikaona heri, maana ukivuka veranda kwenda upande wa utafiti kuna feni, kuna sabuni kwenye sinki, na nesi anamjua mtoto wako kwa jina, wakati upande wetu wa zamani watoto wawili wanalala kitanda kimoja na nesi mmoja anakimbizana na wodi nzima.

Basi mshauri, mtoto wa Bi Mdogo akaanza kunenepa. Mashavu yakajaa, akaanza kukimbiza kuku, miezi minne hajalazwa hata mara moja, mpaka tukamwita Kibonge. Wangu kalazwa mara mbili. Kila kliniki nesi anampandisha Kibonge kwenye mzani, anapiga makofi, anasema, "Mama wewe, unamlisha nini huyu?" na Bi Mdogo anacheka na meno yake yote, halafu anafika kwangu anaangalia mzani anasema, "Haya, tuendelee." Tuendelee wapi? Mama mkwe naye kumbeba Kibonge hachoki, na mume wangu siku moja mezani akaniuliza mbele ya watu, "Mbona wa mdogo wangu anaongezeka, huyu wetu wewe unamfanyia nini?" Nilisikia moto umepanda kutoka miguuni. Nikaanza kuhesabu kila kitu. Nesi akimpa Bi Mdogo kiti, nahesabu. Daktari akimuuliza habari za cherehani, nahesabu. Nikajiambia mashine gani hiyo inayopiga kura, hawa wamempendelea, mwanawe kapewa dawa na wangu kapewa unga.

Chupa zote mbili anazitunza mama mkwe, ndani ya kopo la biskuti juu ya kabati, watoto wasizifikie, na yeye ndiye anayewapa kila asubuhi, kimoja kimoja. Kwa macho vidonge ni vile vile, kinachotofautiana ni namba kwenye karatasi ya chupa. Jumamosi moja Bi Mdogo kapeleka nguo za mteja, mama mkwe anaota jua nje, nikapanda kwenye kiti, nikamwaga vya huku mapajani, vya kule kwenye kifuniko cha kopo, nikavirudisha kinyume. Haikuchukua hata dakika mbili. Nikatoka nje nikaendelea na kichwa cha mteja, na ukweli ni kwamba nilisuka vizuri sana siku ile.

Nilitegemea wangu anenepe. Siku ya kumi akashikwa na maumivu ya miguu ambayo sijapata kuyaona, na aliyembeba mgongoni mpaka hospitali ni Bi Mdogo, mimi nikifuata nyuma. Hata hapo nilikereka, nilisema moyoni anajionyesha. Kurudi nyumbani ndipo baridi ikaniingia: je, kama dawa ya kweli ilikuwa ya kwangu, na nimempa mwingine kwa mikono yangu? Kibonge naye amepata vidonda mdomoni, hali chakula. Alhamisi ni kliniki, watatoa damu na kuhesabu vidonge. Naomba unishauri, nirudishe kila kimoja chupani kwake kimya kimya kabla ya Alhamisi, au niache tu vimalizike? Nikisema ukweli watatutoa sote kwenye utafiti, na ua mzima utanitema. Nimeweka namba yangu ya simu kama inahitajika. Ukiichapa, tafadhali badilisha mambo, sema ni kisukari, sema ni majirani.

Ni mimi, Msusi.

Nyongeza: Nimesahau kusema, Kibonge ana joto tangu jana. Mama yake anasema ni mafua.

MSHAURI ANAJIBU

Msusi, barua yako uliileta mwenyewe mapokezi Jumanne asubuhi, kurasa nne. Jambo la maana kuliko yote umeliweka kwenye nyongeza, chini ya jina lako, kama mtu aliyesahau kuagiza chumvi. Nilipofika hapo sikuendelea kuwa mshauri wa gazeti. Nilishika simu.

Wasomaji wenzangu wajue tulivyozungumza.

"Mtoto yuko wapi?"

"Yupo na mama yake, amelala."

"Joto limeshuka?"

"Bado. Shangazi, mimi nilidhani utanijibu Jumamosi."

"Jumamosi! Homa inasoma gazeti? Chukua chupa zote mbili, mchukueni mtoto, nendeni sasa hivi."

Ulikwenda, na kwa hilo nakupa haki yako. Jioni ukanipigia kwamba Kibonge amelazwa, damu yake imeonekana kuwa chini, amewekewa dripu, na Jumatano ukaniambia joto limeanza kushuka. Nilikaa nikashukuru. Halafu nikakuuliza umewaambia nini, nawe ukanijibu kwa sauti ndogo, "Nimesema watoto walichezea chupa juzi."

Juzi! Watoto! Umepata ujasiri wa kupanda kiti, ukakosa wa kufungua mdomo.

Nimezungumza na daktari wa watoto ninayemwamini, nikamweleza bila kukutaja. Kasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza uzito wa watoto. Sikuwa nao, lakini wewe unaujua, maana mzani ule umeuangalia kwa jicho baya miezi minne. Vidonge vya utafiti vinafanana nje kwa makusudi, ila ndani kipimo kinaweza kufuata uzito wa mtoto. Mtoto wa miaka minne aliyekunywa kipimo cha wa miaka saba kwa siku kumi na sita si sawa na aliyekunywa kimoja juzi akicheza. Daktari anayeamini ni juzi ataitafuta homa hiyo mahali pengine kabisa, na binti yako ataachwa nyumbani bila kupimwa inavyostahili. Hilo ndilo la kwanza la kukutoa usingizini, si ua kukutema.

La pili, hujui ulichobadilisha. Umeandika kurasa nne kana kwamba mmoja alikuwa na dhahabu na mwingine kokoto. Huenda wote wawili walikuwa na dawa. Huenda wote hawakuwa nayo, na Kibonge kanenepa kwa sababu tu watoto wengine hunenepa, na homa ni homa. Daktari wa utafiti hajui, nesi hajui, mimi sijui, ila wewe tu ndiye uliyejua, tena kwa kuangalia mashavu! Mashine haimjui Bi Mdogo, wala haijui kwamba anacheka vizuri.

Nakuelewa zaidi ya unavyodhani. Mama aliyelala sakafuni wodini mara mbili, akitazama mtoto wa mwenzake anakimbiza kuku, akaambiwa na mumewe maneno kama yale mezani, ana haki ya kulia na hata ya kukasirika. Mumeo alistahili kujibiwa pale pale, na mimi ningekusaidia kutafuta maneno. Lakini wivu wako hukumpelekea mumeo wala nesi wa mzani. Uliupeleka kwa mtoto wa miaka minne, kupitia mkono wa bibi yake, ambaye kila asubuhi aliwapa wajukuu akijua anafanya vizuri.

Na sasa angalia uongo wa juzi umezaa nini, kwa maneno yako mwenyewe kwenye simu. Nesi amemfokea mama mkwe wako kwa kutotunza chupa. Bi Mdogo analia pembeni ya kitanda akisema ni uzembe wake, kwamba angekaa nyumbani badala ya kushona mtoto asingeumwa. Kliniki ya Alhamisi imesogezwa, na Jumatatu madaktari wa utafiti watakaa waamue kama wamwondoe Kibonge kwa sababu nyumbani kwao hakuna uangalizi. Mwanamke aliyembeba mwanao mgongoni anakaribia kubeba na kosa lako, na wewe unamletea maji ya kunawa.

Umeniuliza kama uvirudishe kimya kimya. Hapana. Usiguse kidonge hata kimoja, wala usikubali mtoto yeyote apewe kutoka chupa zile. Ziko hospitali, zibaki huko. Jumatatu uwe wa kwanza mlangoni, na kabla hawajakaa umwambie nesi sentensi hii, ijifunze kwa moyo kama huwezi kuitunga: "Nilibadilisha vidonge mimi, siku fulani, kwa makusudi, na watoto wote wawili wamevinywa siku kumi na sita." Omba binti yako atolewe damu siku hiyo hiyo. Usieleze kwanza kwa nini, watakuuliza. Huenda wakawatoa nyote kwenye utafiti. Watoto watavuka veranda kurudi upande usio na feni, lakini watakuwa na matibabu yale yale ya siku zote, na nesi anayejua ukweli. Mkiachwa ndani, yale yanayoandikwa kuhusu watoto wenu yatatumika kwa watoto wa akina mama ambao hawatakujua kamwe, nao hawahitaji habari za kutunga.

Hospitali yenu siijui. Ningeijua ningekwenda mwenyewe, na nilikuambia hivyo, nawe ukasema, "Nitafikiria," ukakata simu. Tangu hapo hupokei.

Kwa hiyo sikubadilisha kitu. Sikusema kisukari, sikusema majirani. Nimeacha Kibonge, nimeacha kopo la biskuti, nimeacha kiti. Nilikuonya kwenye ujumbe wa simu siku ya Alhamisi kwamba barua inatoka hivi ilivyo, ili uwahi kumwambia Bi Mdogo wewe mwenyewe kabla ya gazeti. Uliniambia mtoto ataruhusiwa Ijumaa, kwa hiyo leo yuko nyumbani, na mama yake yuko nyumbani, na leo ni Jumamosi.

Kama umemwahi, nisamehe kwa ukali huu wote.

Kama hukumwahi, basi anayesoma maneno haya kwa sauti ni yeye, na sauti yake ilibadilika kitambo, pale kwenye kopo. Wateja wanakutazama. Wewe umeshika kichwa cha mtu na vidole havisogei. Ziachie nywele, Msusi. Mgeukie, mwite dada, useme, "Ni mimi."