Kipindi cha Alhamisi Hakifungwi

Bibi Somoe,

Shikamoo huko uliko. Najua marahaba yako huwa haitoki mpaka uniulize kwanza kama nimekula. Nimekula. Sasa nisikilize, maana nina hasira na sina mwingine wa kumwambia.

Walitaka kufunga kipindi chetu. Arobaini yako haijafika, mwenyekiti wa kamati ya shule akaniita ofisini kwa mwalimu mkuu. Akasema kipindi cha Alhamisi kilikuwa cha kungwi, kungwi amefariki, basi na kipindi kimekwenda naye. Eti mimi ni mwalimu wa sayansi tu, mtu wa kuja kutoka Chiungutwa, sijaolewa, sijazaa. Nani amenipa ruhusa ya kuwaambia watoto wa kike wa Chilangala mambo ya mwili? Mwalimu mkuu alikuwa anapanga chaki kwenye boksi, moja moja, asinitazame.

Hiyo ruhusa ni kisingizio. Sababu yenyewe ni hii. Wiki mbili baada ya kukuzika, Zainabu wa darasa la sita alinifuata kwenye pipa la maji. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa anampa lifti ya bure kutoka shule, na mara ya tatu akamwambia asimwambie mama yake. Zainabu akakumbuka maneno yako: "Anayekuambia usimwambie mama, huyo ndiye wa kumwambia mama." Akasema. Mimi na mama yake tukaenda ofisi ya kijiji, kijana akaitwa, akakatazwa kusogea karibu na shule. Kijana huyo ni mpwa wa mwenyekiti. Ndipo ghafla kipindi chetu kikawa kinawafundisha watoto umbea.

Nilikukumbuka siku ile, Bibi, nikatamani ungekuwepo umtazame huyo mwenyekiti tu. Wewe ulikuwa huhitaji maneno mengi.

Tulianza vibaya mimi na wewe, hilo tusilifiche. Nilikuwa nimelalamika kwenye kikao kwamba unyago unaondoa wasichana darasani katikati ya muhula, na wewe ukaja kumwona huyo msichana anayesema kungwi anaharibu watoto. Ulikataa dawati. Ulitandika mkeka wako nyuma ya darasa ukakaa. Nami siku hiyo nilikuwa nafundisha habari za hedhi, macho kitabuni, natamani kengele ilie. Ukasimama: "Mwalimu, unawasomea kama bei za mnada wa korosho. Weka kitabu. Sema." Darasa zima lilicheka. Nilikwenda kulia chooni, nikaapa hutakanyaga tena darasani kwangu. Alhamisi iliyofuata ulikuwa umefika kabla yangu.

Ukawa unasema, mimi nachora ubaoni. Ukahamishia unyago wako kwenye likizo, na makungwi wenzako wakakununia mwaka mzima. Yule mama aliyekuletea mtoto wa darasa la pili ulimrudisha naye mlangoni: "Huyu bado wa kucheza. Mwache acheze." Na maji je? Huku juu maji tunayafuata bondeni, kila mtu ana kiu yake, lakini ulitaka kila msichana aje na dumu siku ya Alhamisi, ajaze pipa la kile chumba cha wasichana kujisafishia, nyuma ya darasa la saba, ili asiwepo mtoto wa kurudi nyumbani kwa sababu amechafua sketi. Nilidhani watakataa. Walikuja wamejitwisha, wanacheka.

Kisha ile siku wodini, hospitali ya Mkomaindo. Ulimwambia binti yako atoke. Ukafungua pindo la kanga, ukachota unga wa mtama, ukanipaka kwenye paji la uso, toka nywele zinapoanzia mpaka katikati ya macho. Maneno uliyoniambia siyaandiki hata humu. Ulisema si ya kusikiwa na wanaume, nami nikakuahidi.

Ahadi hiyo ilinibana, Bibi. Kwenye mkutano wa wazazi mwenyekiti aliniuliza tena mbele ya wote: nani amekupa ruhusa? Jibu lilikuwa mdomoni. Ningelitamka angenywea palepale. Lakini upande mmoja wa mabenchi wamekaa wanaume, nami siwezi kuvunja neno lako ili nimshinde mtu kama yule. Akatabasamu, akidhani nimekwisha. Basi nikainua mkono nikajipangusa paji la uso, taratibu, toka nywele mpaka katikati ya macho. Wanaume waliona jasho. Upande wa wanawake, wanaoijua alama ya kungwi anayemwachia mwenzake kazi, maongezi yakakatika.

Akasimama Mama Mwanahawa. Mke wa mwenyekiti mwenyewe. Akasema, "Mwenyekiti, hili tuachieni sisi wanawake." Akaketi. Hakumwita Baba Mwanahawa, alimwita Mwenyekiti, na ukumbi ukasikia. Mumewe akajikohoza, akasema jambo litaangaliwa. Mimi sikungoja liangaliwe.

Alhamisi, yaani leo, nimeingia darasani. Kitabu nimekiacha mezani ofisini. Wa kwanza kufika na dumu lake alikuwa Mwanahawa, binti wa mwenyekiti, wa darasa la tano. Nikatandika mkeka wako nikasema kama ulivyonifundisha: mwili ni wako, na anayekuambia usimwambie mama ndiye wa kumwambia mama. Mwanahawa akanyoosha kidole. "Mwalimu, na kama ni ndugu yako?"

Nikamjibu, "Hata kama ni ndugu yako."

Kengele ikalia, wenzake wakatoka, yeye hakutoka. Nikamwita mkekani. Amemtaja yule kijana wa bodaboda, binamu yake; amesema nusu, nusu nyingine imemshinda, nami sikumlazimisha. Nikamsindikiza kwa mama yake. Mama Mwanahawa alisikiliza mpaka mwisho, akajifunga kanga kiunoni, akasema hata huyo baba yake akilala mlangoni atamruka. Kesho asubuhi tunakwenda Newala, sisi watatu, kwenye dawati la watoto la polisi. Ofisi ya kijiji tuliipa nafasi yake.

Kwa hiyo mwenyekiti alikuwa anafunga mlango ambao nyuma yake alikuwepo binti yake mwenyewe. Nina hasira, ona kalamu ilivyotoboa karatasi. Na ninaogopa pia, nisikudanganye. Wanaweza kunihamisha. Wakinihamisha, wanawake waliniona nikijipangusa, na Mama Mwanahawa anajua mkeka unakaa wapi.

Pumzika, Bibi yangu. Nakuahidi hivi: Mwanahawa hatasema nusu ya pili akiwa peke yake. Nitakuwa nimemshika mkono. Na Alhamisi ijayo pipa litakuwa limejaa.

Mjukuu wako,
Mwalimu