Alama ya Chaki Kwenye Kontroboksi

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa kituo cha polisi, chumba namba 2, Ijumaa tarehe 17, kuanzia saa tatu na dakika ishirini asubuhi.

Jina: limo kwenye jalada. Kazini huitwa Rula.
Umri: miaka 22.
Kazi: karani wa mapokezi, gereji ya magari.
Makazi: chumba cha kupanga nyuma ya kiwanda cha matofali, mlango wa mwisho. Anaishi peke yake.

Nimeelezwa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Nimeelewa. Sikuitwa na mtu, nimekuja mwenyewe.

Nimefanya kazi gereji hiyo siku sabini na tisa. Bado niko kwenye majaribio ya miezi mitatu. Zimebaki siku kumi na moja. Ofisi yangu ina dirisha la kioo linalotazama karakana. Mafundi hupitisha karatasi za kazi kwenye tundu lililo chini ya kioo, kisha huondoka. Anayesimama ni mmoja, fundi wa umeme wa magari, mtu mzima, wanayemwita Mzee Waya. Ndiye aliyenipa jina la Rula, kwa sababu napiga mistari hata kwenye daftari lenye mistari yake. Kila siku saa nne hugonga kioo kwa mpini wa bisibisi na kuniuliza, "Rula, umekula?" Siku nyingi hilo ndilo swali pekee ninaloulizwa na mtu asiyetaka karatasi.

Mwezi wangu wa pili kazini nilishikwa na homa nikakosa kazi siku mbili. Mzee Waya aliulizia kwangu nyumba kwa nyumba mpaka akapata mlango. Hakuingia kukaa. Aliona swichi ya taa inatoa cheche, akaitengeneza akiwa amesimama, akaniambia nipone haraka kwa maana mwandiko wa bosi unawapeleka mafundi kwenye magari yasiyo yao. Hakuna mwingine wa pale kazini anayejua ninapokaa.

Mnamo tarehe 14, siku ya Jumanne, saa mbili asubuhi, dereva wa zahanati alileta gari la kubebea dawa. Alisema injini inazima yenyewe ikishapata moto, kisha ikipoa inawaka kama haijaumwa. Nilimwandika kwenye daftari la mapokezi. Mzee Waya alilipima gari kwa mashine yake, akasema ugonjwa uko kwenye kompyuta ya injini, ambayo mafundi huiita kontroboksi. Ni kisanduku cha bati, ukubwa wa kitabu, chenye soketi za waya upande mmoja. Dereva alikuwa amekuja na nyingine ya kubadilishia, iliyotumika lakini nzima. Zilifanana kwa kila kitu, hata namba zilizochapwa juu, maana bila kufanana haziingiliani.

Saa tano Mzee Waya alizileta zote mbili ofisini kwangu, kwa kuwa meza yangu haina vumbi la karakana na umeme wake hauchezi. Alihamisha kumbukumbu za gari kutoka ile mbovu kwenda ile nzima kwa kutumia kompyuta yake ndogo. Kazi ilikwisha saa sita na dakika arobaini. Akachukua chaki, akaweka alama ya kosa juu ya ile mbovu, kama mwalimu anavyokosoa hesabu. Huo ndio utaratibu wa gereji yetu. Kitu kilichokufa kinapigwa chaki, na kitu kisicho na chaki kinarudi kwenye gari. Ukutani pameandikwa: usiguse kitu cha fundi. Alikwenda kunawa na kula.

Asubuhi hiyo bosi alikuwa amepitisha kidole kwenye meza yangu, akakitazama, akaniambia mbele ya dereva kwamba nikikosea tena mara moja nitafute kazi pengine. Kwa hiyo saa saba na dakika kumi, nilipoona vumbi la chaki limeanguka mezani, nilichukua kitambaa kibichi. Niliinua kontroboksi zote mbili nipanguse chini yake. Kisha nikazipangusa na zenyewe. Sikufikiri. Mkono ulikuwa unafanya usafi tu.

Nilipoweka kitambaa chini niliona zote mbili ni safi na hakuna yenye alama.

Sikujua tena ipi ni ipi. Moja ilikuwa na mkwaruzo kwenye kona. Nilijiambia kwamba mbovu ndiyo ingekuwa na mkwaruzo, ingawa zote zilikuwa za kutumika na nilijua hivyo. Chaki ilikuwa imeachwa mezani. Nilichora alama ya kosa kwenye ile yenye mkwaruzo.

Ningeweza kumsubiri Mzee Waya nikamwambia. Angezipima upya, labda kwa saa moja. Asingenipigia kelele, hajawahi. Niliogopa kwamba bosi angeuliza kwa nini kazi imechelewa.

Saa nane kasoro robo Mzee Waya alirudi. Bosi alikuwa anamharakisha na dereva alikuwa amesimama mlangoni. Alitazama tu ipi ina chaki, akaiweka kwenye rafu yake, akachukua isiyo na chaki, akaniambia, "Ahsante kwa kunitunzia, Rula." Alifunga kontroboksi hiyo kwenye gari, injini ikawaka bila tatizo, wakalizungusha gari mtaa mmoja na kurudi. Halikuwa limepata moto. Saa tisa niliandika kwamba gari limetoka likiwa zima.

Jumatano tarehe 15, saa tano asubuhi, simu ilipigwa ofisini nikaipokea mimi. Gari la zahanati lilikuwa limezima kwenye mteremko, na lori lililokuwa nyuma limeligonga. Dereva alivunjika mguu mahali pawili na amelazwa. Nilimwita bosi. Nilirudi kukaa. Saa nne ilikuwa imeshapita na Mzee Waya alikuwa ameshaniuliza kama nimekula.

Jioni hiyo nilitaka kumwambia mtu. Nilipitia majina kwenye simu yangu. Nina namba ya bosi, ya mwenye nyumba, ya gereji, na ya mjomba aliyenilea, ambayo haipatikani tangu alipohama. Niliiweka simu chini nikapanga vyombo, ambavyo vilikuwa vimepangwa.

Alhamisi tarehe 16, saa nne na nusu, askari wawili walikuja na fundi mkaguzi. Walisema kontroboksi iliyokutwa kwenye gari ni ile mbovu. Walipekua rafu ya Mzee Waya wakaikuta ile nzima, ina mkwaruzo kwenye kona na alama ya chaki juu. Bosi alisema mbele ya wote kwamba mzee ameificha kwa chaki ili aiuze, na kwamba siku zote alikuwa na wasiwasi naye. Nilisikia yote kupitia tundu la karatasi.

Askari aliinua kontroboksi akamwuliza kama alama ile ni yake. Naomba hili liandikwe vizuri. Mzee Waya huchora alama yake bila kuinua mkono, kwa hiyo upande mmoja mistari inaungana kama mkia wa samaki. Iliyokuwa pale ilikuwa mistari miwili iliyonyooka. Aliitazama kwa muda. Kisha akatazama dirisha langu.

Akasema, "Alama zote za gereji hii ni zangu."

Walipompitisha mbele ya kioo mikono ilikuwa imefungwa, hakuweza kugonga. Alisimama kidogo, akauliza, "Rula, umekula?"

Nilisema nimekula. Nilikuwa sijala tangu jana yake.

Nimesikia atapelekwa mahakamani Jumatatu. Mzee Waya hakuficha kitu na hakujua. Aliamini chaki. Chaki ile niliiweka mimi, nikanyamaza gari likiondoka na dereva akiwa ndani yake. Hakuna aliyenituma na hakuna aliyeniahidi kitu. Naomba maelezo haya yawekwe kwenye jalada lake kabla ya Jumatatu.

Hapa ndipo mwisho wa ninayoyajua. Nimesomewa yote, nikasahihisha mahali pamoja: ilikuwa saa saba na dakika kumi, si saa saba kamili.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya askari mwandishi: Nimeyaandika kama yalivyosemwa. Shahidi alipewa chaki na kipande cha bati, akachora alama ya kosa mara tatu. Zote zina mistari miwili iliyonyooka, ya urefu sawa, kama iliyo kwenye kielelezo. Jalada nalipeleka kwa mkuu wa kituo leo hii. Shahidi ameelezwa kuwa atabaki kituoni kwa mahojiano zaidi. Nilipomwuliza ndugu wa kujulishwa, alisema anayejua anapoishi ni mtu mmoja tu. Kwenye nafasi ya ndugu nimejaza: fundi wa umeme wa magari, mahabusu ya kituo hiki, seli ya pili.