Meza ya Kuonjesha Inakuja Songea

Mabibo, Dar es Salaam

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Kabla ya yote naomba kujua goti lako la kushoto linaendeleaje tangu baridi ianze huko, na kama ile dawa ya kuchua aliyokupa shangazi imesaidia au imekuachia harufu tu. Mimi ni mzima, nakula, nasali japo si kila Jumapili, na kikohozi nilichokuwa nacho wakati wa Pasaka kimekwisha.

Utashangaa kupokea karatasi katika zama hizi za simu. Sababu ni wewe mwenyewe. Kila nikipiga unaweka sauti ya nje huku ukiendelea kupima maharage, na kabla sijamaliza salamu yule Mama Zawadi wa nyanya ameshanijibu kwa niaba yako. Jambo nililo nalo halifai kusikiwa na soko zima. Isome ukiwa nyumbani. Na kama miwani imepotea tena, akusomee dada Editha peke yake, mlango ukiwa umefungwa.

Unajua kwamba nimeajiriwa na supamaketi iliyoko Sinza, na kwamba kitambulisho changu kimeandikwa "Ofisa wa Ubora na Thamani". Hujawahi kuniuliza ofisa huyo anafanya nini kutwa. Anasimama nyuma ya meza, Mama. Juu ya meza kuna jiko dogo la gesi, sufuria mbili, vijiko vya plastiki, na bidhaa zenye jina la duka lenyewe: unga, mchele, mafuta, sukari, majani ya chai. Duka halizitengenezi. Huzinunua kwa wenye viwanda, likazifunga katika mifuko ya njano isiyo na mapambo, likaziuza kwa bei iliyo chini ya zile zinazotangazwa redioni. Mtu wa Dar akiona kitu rahisi hushuku. Kazi yangu ni kupika, kuonjesha, na kuwajibu wanaoshuku.

Usidhani nimeifanya kwa dharau. Nimeifanya kama mtu aliyesoma. Bidhaa zote nimezipika kwanza chumbani kwangu, sambamba na zile za bei kubwa, nikamfunga macho kwa taulo jirani yangu Chande, kijana wa Newala anayeuza viazi katika soko la Mabibo, ili aonje bila kujua kipi ni kipi. Alivumilia jioni kadhaa, kisha akalivua taulo. "Braza, watu wanakula washibe, wewe unakula ubishe!"

Nilibisha, na nikapata majibu. Sukari ni sukari. Anayelipa zaidi kwa sababu ya picha ya miwa kwenye mfuko amenunua picha. Mafuta ya alizeti ni safi, hayatoi povu, nayo nimekaangia viazi vya Chande mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Mchele una chenga, lakini ukipunguza maji unaiva vizuri, na sijasikia mtu aliyeuawa na chenga. Majani ya chai yanatoa rangi kali bila harufu yoyote. Ukifumba macho huwezi kujua unakunywa nini. Unga ndio aibu. Umekobolewa hadi ukawa kama chaki, umekaa ghalani mpaka umechoka, na ugali wake unanata kwenye meno bila kuacha ladha ya mahindi. Mtu aliyelelewa kwa unga wako hawezi kuusifu, hata kwa mshahara.

Siku moja akaja mama mmoja mwenye kibanda cha chakula jirani na duka. Alinyanyua mfuko wa unga akaubwaga mbele yangu.

"Kaka, mie maneno yenu yamenichosha. Huu unga, nyumbani kwako unaula?"

"Siuli," nikamjibu.

"He! Na unauuza?"

"Linauza duka. Mimi naonjesha tu. Chukua mafuta yale, ni mazuri. Unga katafute mashineni."

Alicheka hadi akajishika kiuno. "Jamani, njooni mumsikie huyu! Huyu siyo muuzaji, huyu profesa!"

Tangu hapo jina langu ni Profesa. Lakini si hilo ninalotaka kukueleza. Meneja wetu, Bwana Shabani, alikuwa amesimama nyuma ya rafu ya sabuni na alisikia kila neno. Nilijua nimefukuzwa, na sitakuficha, niliona heri. Nilianza kutunga kichwani hotuba ya kuondokea, ndefu, yenye hoja zilizopangika. Jioni akaniita ofisini, akanivutia kiti.

"Gervas, mafuta yamekwisha, unajua? Na mchele. Unga umebaki, wacha ubaki. Wewe uponde tu, tena kwa sauti. Mtu akikuamini kwenye unga, mafuta anabeba bila hata kuonja."

Hotuba yangu haikupata nafasi.

Nilijaribu kunyamaza. Wateja wakasema, "Profesa leo kanyamaza, basi leo vyote vizuri," wakabeba hata yale majani ya chai. Nikaomba kuhamishiwa ofisi ya manunuzi, ambako ndiko unga huo huchaguliwa. Nikajibiwa kwamba ofisi imejaa na kwamba mezani hakuna wa kuziba pengo langu. Maombi niliyopeleka kwingine hayajajibiwa. Ningekuwa mwongo, ningefukuzwa kwa uongo nikaondoka. Ila kila nikisema kweli, nazidi kufungwa pale pale niliposimama.

Na hii tabia, Mama, sikuitoa chuo kikuu. Niliitoa mezani pako. Nilipokuwa nikikaa juu ya gunia baada ya shule nilikuwa nikikusikia ukimwambia mteja, "Haya maharage yamekaa, mwanangu, yatakumalizia kuni. Chukua yale." Kisha unampimia yale, naye anaongeza sukari na kipande cha sabuni. Nilikua nikiamini kwamba huo ni uaminifu. Bwana Shabani anasema ni biashara. Nimebishana naye kichwani kwa miezi, na naona haya kukiri kwamba sijamshinda.

Sasa jambo lenyewe ndilo hili. Lile jengo jipya ng'ambo ya barabara, mbele ya mlango wa soko, ambalo mnabishana kama litakuwa benki au ukumbi wa harusi, ni tawi letu. Alhamisi iliyopita Bwana Shabani aliniita tena, akitabasamu kama mtu anayetoa zawadi.

"Nimekuombea kwenu. Songea. Si kila likizo ulikuwa unanililia?"

"Mama yangu anauza katika soko lile," nikamwambia.

"Najua, ndiyo maana. Wanamjua mama, wanakujua wewe. Ukisema neno, nani atabisha?"

"Na nikikataa?"

"Hapa nimeshapata mtu. Kule pia sitakosa." Akanitazama kidogo. "Ila huyo wa kule atausifu hata unga."

Unaona nilivyozibwa pande zote. Nikienda, nitasimama hatua chache kutoka mezani pako nikiwaita wateja wako kwa majina. Nisipoenda, atasimama kijana mwingine, asiyejua hata soko lenu linafungwa saa ngapi, awadanganye majirani zangu kuhusu unga, na mimi nirudi kukaa juu ya gunia lako nikiwa na shahada. Nimeitetea kila hoja na kuipinga. Nimeshinda pande zote mbili, jambo ambalo ni sawa na kushindwa.

Chande alisema, "Nenda, braza, ukale ugali wa bi mkubwa. Ishu iko wapi?" Nilipomweleza, aliacha kumenya kiazi. "Basi mwambie mapema. Asije akakukuta pale kama kafumania."

Kwa hiyo nakuambia mapema, na nakuambia kwa ukamilifu. Sukari yako itakwenda. Sabuni itakwenda. Anayenunua mafuta kwa chupa atavuka barabara, na atakuwa na haki, kwa sababu yetu ni mazuri na ni rahisi. Utakaobaki nao ni wale wa kupimiwa. Chupa ndogo kabisa tuliyo nayo ni ya nusu lita, na hakuna mtu dukani atakayemwekea mtoto mafuta ya mboga ya leo kwenye kikombe alichokuja nacho. Darasani tulijadili sana bei ya lita. Hatukumjadili mtu ambaye lita nzima hajawahi kuinunua. Huyo ni wako. Unga ni wako, maharage ni yako, yaongeze. Usiagize tena sukari kwa magunia. Najua hivyo vinavyokwenda ndivyo vilivyonilipia shule na ndivyo vinavyomlipia Editha chuo cha uuguzi. Ndiyo sababu silali vizuri.

Jumatatu nitatia saini. Nitakuja, kwa sababu siwezi kumwachia mwongo nafasi ile mbele ya mlango wenu. Huenda hiyo ni sababu, huenda ni majivuno yangu uliyokuwa ukinikanya tangu utoto. Nijibu swali moja tu, nalo unijibu kwa maandishi: ulipokuwa ukimkataza mtu maharage yaliyokaa, ulikuwa ukifikiria kuni zake, au ulikuwa unajua kwamba atarudi?

Nisalimie shangazi, mshonaji wetu, umwambie suruali aliyonishonea bado ndiyo ninayovaa kazini. Nisalimie babu anayegonga kengele ya kanisa, na baba mdogo wa mashine inayokusagia unga. Yeye mwambie asiuze mashine kwa mtu yeyote kabla sijafika. Editha asome. Mama Zawadi msalimie pia, lakini usimwambie lolote.

Jambo la mwisho, na ndilo zito. Duka likifunguliwa, usije mezani pangu. Nakufahamu: utavuka barabara na kanga yako mpya, utasimama mbele ya watu, utaniuliza kwa sauti unga upi ni bora, wa duka au wa kwako. Nami nitasema kweli. Nitasema wa kwako, Mama, na soko zima litanishangilia na kuniamini. Kisha watageuka, wabebe mafuta.

Nakushika mikono yote miwili kutoka mbali.

Mwanao,
Gervas