Salvinya wa Kanda ya Brazili

Pasua, 6 Februari 1995

Baba mdogo Filemon,

Shikamoo. Hujambo huko Kilema? Mama mdogo Salvina je, na ng'ombe wake? Mimi mzima kuliko wewe. Juzi nimembebea Mbrazili mmoja mizigo mpaka Kibo huku naimba, wenzangu wakitapika.

Kanipa kanda ya mwimbaji wa kwao, mzee wa kofia ya ngozi. Eti alichunga ng'ombe, akaja Afrika kuwafanyia mapadre useremala, akarudi kuimba nyimbo za wilaya yake tu. Sasa kiwanja cha mpira kina jina lake.

Kaa chini basi. Wimbo wa mwisho ni wako! Ule unaokupeleka Arusha kurekodi, uliokujia usingizini. Hata kiitikio: "Salvinya, Salvinya," Kibrazili chao hicho. Wenzako wanaiba nyimbo Machame, wewe umevuka bahari!

Raba nyeupe, namba nane, nami nafunga mdomo.

Mwanao, Eliezeri

Kilema, 15 Februari

Mwanangu Eliezeri,

Marahaba. Tu wazima, mvua bado. Punguza mdomo.

Wimbo ule niliutunga 1978 nikimchumbia mama yako mdogo. Mwizi ni huyo wa kofia. Kanda ina mwaka? Aliwahi kufika huku? Jibu lako mpe Goodness wa dukani aniletee mkononi. Lisipitie nyumbani.

Baba yako mdogo

Pasua, 20 Februari

Baba mdogo,

Shikamoo. Kifua kimepona?

Ganda la kanda nimelisoma lote, Kibrazili nakielewa kiasi. Limeandikwa 1976. Kwenye picha huyo wa kofia kasimama kwenye migomba, chini yake: "Kilema".

Wewe 1978, yeye 1976. Hata mimi wa darasa la sita hesabu hiyo naiweza. Halafu si Mama mdogo ndiye aliyekuwa anawapikia mapadre? Nauliza tu. Wimbo ulikujia usingizini, au jikoni?

Mwanao, Eliezeri

Kilema, 12 Machi

Eliezeri,

Marahaba. Kifua kimepona, mengine hayajapona.

Mama yako mdogo alikuwa akiuimba kwa mdomo uliofungwa, akimenya ndizi. Nilidhani ni wa kanisani. Maneno nilitia mimi, na jina lake nilitia mimi.

Jana nimemuuliza yule seremala alikuwa nani wake. Akaweka kisu chini, akasema, "Kwani bado yu hai?" Tangu hapo hatuongei.

Arusha nitakwenda, ila jina lake silitaji tena. Raba zako hizi hapa. Kanda ichome.

Baba yako mdogo

Pasua, 9 Aprili

Baba mdogo,

Shikamoo. Nimekusikia redioni. Penye Salvina umeweka "Kilema, Kilema", kama utingo anaita abiria. Wimbo umekufa.

Jana Mama mdogo kashuka hapa na kapu la ndizi na betri zake mbili za redio. "Weka hiyo kanda." Akasikiliza amesimama. Nikamchokoza, "Mama, unaitwa huko."

"Siitwi mimi. Nilimsahihisha mpaka nikachoka. Salvina, namwambia, Salvina. Salvinya ndiye nani? Mwambie yule wa nyumbani arudishe jina langu. Anayejua kulisema ni yeye tu."

Basi nimefikisha. Rudi Arusha ukaimbe upya.

Kanda sikuichoma. Nilikwenda kumchemshia chai, kurudi hayupo, kanda haipo, na betri hazipo. Ndizi kaacha.

Usimuulize.

Mwanao, Eliezeri

Raba zinabana.